Picha Moja ya Kukaa

Kwetu Kibosho, mtu akitangaza harusi, swali la pili baada ya tarehe lilikuwa kama Flavia ana nafasi. Alipika harusi, alipika komunyo ya kwanza, alipika matanga, alipika siku padre mpya alipopokelewa parokiani. Alikuwa mwembamba, mrefu, na mikono yake ilijaa makovu madogomadogo ya mvuke na mafuta ambayo hakuyajali. Hakupandisha sauti. Akikuambia punguza moto, unapunguza, hata kama wewe ni mke wa mwenyekiti wa kamati.

Mimi naitwa Gladys, ila huku juu wananijua kama Mama Efraimu. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, na chao vimetenganishwa na mfereji tu. Nimemenya naye ndizi za mtori na machalari tangu watoto wetu wakiwa mgongoni, na ilipofika zamu yake ya kuolewa aliniomba niwe msimamizi wake. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyasikia kwa watu. Nilikuwa nimeshika pindo la gauni lake.

Ndiyo, zamu yake ya kuolewa, akiwa na watoto wakubwa. Flavia, aliyewapikia maharusi wa kata nzima, mwenyewe hakuwa na ndoa ya kanisani. Alizaliwa Rombo, si mbali na Mkuu. Mume wake, Sirili, alikwenda huko akiwa kijana kujenga madarasa, na alipomaliza kazi hakurudi peke yake. Baba yake Flavia alikasirika kwa muda mrefu. Baadaye Sirili alipeleka mbege na jani la isale kuomba msamaha, mzee akalipokea, wakanywa pamoja. Lakini mambo ya kanisani hayakuzungumzwa siku ile, na mzee akafariki kabla hayajazungumzwa. Tangu hapo wakawa wanasema mwakani. Doris akazaliwa, wakazaliwa wadogo zake, kahawa ya zamani ikang'olewa ikapandwa nyingine, na wao bado wanasema mwakani.

Kila Jumapili, wakati wa komunyo, mimi nilikuwa napita mbele yake kwenda kupokea, naye anavuta magoti pembeni kunipisha. Anayeishi na mume bila ndoa ya kanisani hapokei. Kabla sijarudi kwenye benchi, mara nyingi alikuwa ameshatoka nje, amesimama kwenye mti wa mbele ya kanisa, anazungusha leso vidoleni kama mtu anayesubiri gari.

Aliyemaliza habari ya mwakani ni Doris. Alikuwa anafanya kazi Arusha, akapata mchumba, akaja nyumbani kumtambulisha. Jioni ile tulikuwa jikoni, mama na binti na mimi, Doris akasema, "Mama, mimi siwezi kukutangulia madhabahuni. Mkifunga ninyi, nami nitafunga. Msipofunga, huyu kijana wa watu atasubiri."

Flavia akacheka. Kisha akachukua ndoo akaenda zizini, na ng'ombe walikuwa wameshakamuliwa. Alikaa huko mpaka Sirili akaenda kumtafuta. Sikujua waliongea nini. Waliporudi, Sirili alisema tu, "Mtoto amesema. Tufanye Desemba, watu wakiwa nyumbani."

Doris alipanga kila kitu. Misa parokiani kwetu, sherehe kwenye ukumbi mmoja mpya kule Shirimatunda, chini mjini, na mpiga picha kutoka Rau anayeitwa Isack, kijana mtulivu, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa anapomsikiliza mtu. Wiki chache kabla ya harusi alikuja Kibosho kwa bodaboda, begi la kamera limefungwa kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Isack akakaa. Flavia hakukaa. Alimletea maji, akamletea mtori, akaenda kugeuza kahawa iliyokuwa inakauka juani, akarudi, akaona bakuli halijaisha akamwongeza. Ikawa kijana anamfuata na bakuli mkononi, wanaongea kati ya migomba.

"Mama, mimi huwa nawauliza maharusi wote," alisema. "Niambie picha ambazo hutaki zikosekane. Unaowataka, mahali unapopataka. Nyingine niachie mimi."

"Mimi nataka moja."

"Moja ipi?"

"Nimekaa."

Isack akasubiri aendelee. Flavia alikuwa anakata jani kavu la mgomba. "Nimekaa na mume wangu," akasema, "sina kitu mkononi. Basi."

Kijana alitabasamu akidhani ni utani, kisha akaniangalia mimi, akaona sicheki. Tukaingia ndani nikamwonyesha ukutani. Sirili alikuwa na picha nyingi za harusi za ndugu na majirani, zimebandikwa kuanzia mlangoni hadi dirishani, na Isack alizipitia moja moja kama mtu wa kazi hiyo anavyofanya. Mwisho akauliza, "Mama mwenyewe yuko wapi hapa?"

"Nilikuwa nyuma," Flavia alimjibu.

Kulikuwa na picha moja tu yenye kitu chake. Maharusi wanakata keki, na pembeni kabisa kuna kiwiko na kipande cha kanga. Tulijua ni yeye kwa sababu ya kanga.

Isack alifikiri kidogo. "Mama, naomba niseme. Siku hiyo ukiingia jikoni hata dakika chache na gauni lako, nikikupiga pale kwenye masufuria na moshi, itakuwa picha watu hawajawahi kuiona. Ndiyo maisha yako, mama."

"Hapana," alisema Flavia. "Huko wameshaniona."

Alisema taratibu, na kijana akainamisha kichwa. "Nimekuelewa," akasema. Walipatana hivyo mbele yangu: hatampiga picha akiwa jikoni, na atamtafutia picha yake ya kukaa. Naye Flavia akaahidi kwamba siku hiyo hatashika mwiko. Jiko lote alimwachia Priska, mdogo wake Sirili, aliyekoroga chini yake kwa miaka na hakuwahi kupewa harusi ya kupika mwenyewe.

Isack alitangulia kwenda kuuona ukumbi. Alirudi kwa Doris na ombi moja. Mlango wa kwenda uani kwa wapishi ulikuwa pembeni tu ya mahali palipopangwa meza kuu. Aliomba meza ihamishiwe upande wa pili. "Mama atakuwa anausikia kila mfuniko," alisema. Kamati ikakataa, wapambaji walikuwa wameshapima vitambaa. Doris aliponisimulia, nilicheka. Sikucheka siku yenyewe.

Usiku wa kuamkia harusi mvua ilinyesha kuanzia juu kwetu mpaka mjini. Asubuhi ikaacha, mlima ukajitokeza wote, mweupe juu. Misa ilikwenda vizuri. Flavia alisimama pale mbele kimya, hakutikisika, gauni la rangi ya maziwa ambalo Doris alimchagulia, shela fupi, na Sirili katika suti ya kijivu iliyombana kidogo mabegani. Walipoambiwa wapokee, yeye ndiye alikuwa wa kwanza. Nilikuwa nyuma yake hatua moja. Aliporudi kwenye kiti chake alipiga magoti muda mrefu kuliko padre alivyotaka, kwaya ikabidi irudie beti. Isack alikuwa kando ya nguzo, akapiga picha chache, akaishusha kamera.

Nikajua siku imeshapata baraka yake na kilichobaki ni kula na kucheza. Ndivyo nilivyodhani.

Tuliingia ukumbini saa kumi jioni. Wakacheza kuingia, watu wakapiga vigelegele, wakakaa meza kuu. Hatujamaliza hata kupanga pindo la gauni, Flavia akaniinamia.

"Unasikia?"

"Nini?"

"Kuni mbichi."

Mimi nilikuwa nasikia manukato na maua. Lakini kweli, kila mlango ule wa pembeni ulipofunguliwa, moshi mzito kidogo ulikuwa unaingia.

"Priska yupo," nilimwambia. "Kaa."

Akakaa. Mshereheshaji akaanza kutambulisha kamati. Flavia akakunja kitambaa cha mezani mara mbili, akakikunjua. Akahamisha glasi ya Sirili, akairudisha. Akageuza shingo mlangoni. Isack alikuwa mbele yetu amepiga goti moja, anasubiri, na kila alipoinua kamera shingo ilikuwa imeshageuka. Alihamia kushoto, Flavia akageukia kulia. Alikwenda kusimama kwenye mlango wenyewe, akijaribu kuyapata macho yake pale yalipokuwa yanakwenda, lakini wahudumu wakawa wanapita katikati na makreti ya soda.

Keki ikakatwa. Walisimama, wakalishana, hapo kidogo alipoa kwa sababu alikuwa amesimama na ana kisu. Akamlisha Sirili, akawalisha wanawe. Alipomfikia Doris alimfuta cream mdomoni kwa kidole kama mtoto mdogo, Doris akaona aibu. Isack alizipata hizo. Ndafu ikaletwa, yule mbuzi mzima wa kuchoma amesimamishwa kwenye sinia na majani mdomoni, nayo ikakatwa. Lakini kila waliporudi kukaa, kiti kilikuwa kama kina miiba.

"Naenda msalani," aliniambia.

Tulikwenda msalani. Tulipotoka hakurudi meza kuu, alishika korido ya uani. Nikamshika mkono. "Flavia, uliahidi."

"Nachungulia tu."

Alichungulia kupitia upenyo, nami nikachungulia juu ya bega lake. Akina mama wanahangaika, moshi umetanda, Priska ameinama anapuliza. Tukarudi. Lakini baada ya hapo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu alikuwa ameona.

Saa ya chakula ikafika, chakula hakikufika. Mshereheshaji akaita ukoo wa bwana harusi wacheze. Akaita ukoo wa bibi harusi. Akaita walioolewa mwaka huu. Watu wa Kilimanjaro wanajua maana ya hiyo. Wazee walianza kuangaliana. Doris alikuja mezani anatabasamu kwa meno tu.

"Mama, usijali. Wanasema pilau bado kidogo."

"Bado kidogo ni nini? Imechemka au haijachemka?"

"Mama, mimi sijui hayo."

Flavia akasimama. Safari hii hakusema msalani. Alikusanya gauni kwa mikono miwili akapita mlango wa pembeni, mimi nyuma yake na shela, na nyuma yangu Isack.

Uani palikuwa na mafiga yamepangwa mstari chini ya turubai. Kuni zilikuwa zimelala nje, mvua imezilowesha. Machalari yalikuwa tayari, nyama tayari, lakini sufuria kubwa ya pilau ilikuwa inatoa mvuke mwembamba usio na maana. Flavia hakumsalimia mtu. Alipita moja kwa moja kwenye figa, akachomoa gogo lililokuwa linafuka, akalitupa pembeni, akachomoa la pili, akaanza kusogeza makaa ya chini ya machalari kuyaleta kwenye pilau kwa kipande cha bati. Kisha akanyoosha mkono kuchukua mwiko uliokuwa umeegemezwa.

Hapo Isack alipiga. Nilisikia kamera, tik tik tik. Nami namwelewa. Mwanamke yule na gauni la rangi ya maziwa, moto umemulika usoni, moshi nyuma yake. Hata mimi ambaye si mpiga picha niliona.

Flavia alisikia pia. Aligeuka na mwiko mkononi.

"Tulipatana nini?" akamuuliza.

Isack akainamisha kichwa.

Kabla hajaulizwa tena, Priska akaja, akashika mpini wa mwiko upande wa juu. Macho yalikuwa mekundu, sijui kwa moshi au kwa kulia. Alisema kwa sauti ndogo ili wenzake wasisikie, lakini mimi nilikuwa karibu.

"Wifi, uachie."

"Priska, watu wana njaa."

"Najua wana njaa. Nimeagiza mkaa, umeshafika, uko nyuma ya gari pale unashushwa. Ulivyofanya ndivyo nilivyotaka kufanya. Lakini ukikoroga hapa na hilo gauni, kesho Kibosho nzima watasema harusi yako ulipika mwenyewe kwa sababu Priska alishindwa. Na mimi sitapika tena popote. Uachie, wifi. Toka."

Wakawa wameshika mwiko wote wawili, mmoja juu, mmoja chini. Sijawahi kumwona Flavia akikosa la kufanya kwenye jiko. Alitazama sufuria, akamtazama wifi yake, na vidole vikafunguka kimoja kimoja. Akashuka ngazi za pembeni akaenda kusimama ukutani upande wa magharibi, kwenye nafasi ya wazi kati ya ukumbi na uzio wa mahindi ya jirani. Kwenye mkono wa gauni palikuwa na alama nyeusi ya masizi, urefu wa kidole. Nilianza kuifuta, ikazidi kutanuka, nikaacha.

Isack alitufuata akiwa amebeba kamera kama mtu aliyebeba kitu cha mwenzake.

"Mama, naomba radhi," alisema. "Nilikuona nikasahau. Njoo uone, nazifuta hapa mbele yako."

Akamwonyesha kwenye kioo cha nyuma, moja baada ya nyingine. Flavia alizitazama zote. Kuna moja aliitazama muda.

"Ni nzuri," alisema.

"Ni nzuri, mama. Niiache?"

"Futa. Ni nzuri ila ni yule yule. Mimi leo nilitaka niwe yule mwingine." Akagusa masizi ya mkononi. "Na yule mwingine simwezi. Kile kiti kinanichoma. Nikikaa naona kama kuna mtu ananiita."

Isack akafuta. Alitazama jua, lilikuwa limebakiza kidogo kugusa miti, likiwaka upande ule wote wa ukuta. Akaniambia nimlinde mama asiondoke, akaenda. Alirudi na viti viwili vya plastiki na Sirili.

"Chakula bado," alisema. "Huku hakuna mshereheshaji wala watu. Mkae tu, mimi sitasema kitu."

Sirili akakaa. Alikuwa mtu wa maneno machache siku zote. Nimekaa naye ujirani miaka yote hii na mazungumzo yetu marefu kuliko yote yalihusu mfereji. Flavia akakaa. Akasimama, akasema amesikia mfuniko. Akakaa. Akainuka nusu. Isack alikuwa amechuchumaa mbali kidogo, kamera imelala kwenye goti, anatazama mahindi.

"Mama Doris," Sirili akasema.

"Nini?"

"Unajua mimi kwenye harusi za watu huwa nakaa vipi?"

"Unakaa na wanaume wenzako."

"Wanaume wenzangu wanakaa na wake zao." Alikuwa anatazama mbele, siyo kwake. "Mimi huwa navua koti naliweka kwenye kiti cha pembeni. Mtu akija kuuliza kama kuna mtu, nasema yupo, yuko nyuma, anakuja. Wanahudumia chakula, naomba wakuwekee sahani. Inapoa. Muziki unakwisha, watu wanaondoka, nalichukua koti langu."

Flavia alimgeukia. "Hukuniambia."

"Ningekuambia saa ngapi, na wewe una masufuria motoni?"

"Miaka yote hiyo, Baba Doris?"

"Sikukasirika. Chakula kilikuwa kizuri, na watu walikuwa wanakisifia mbele yangu, nami nafurahi." Akavuta ukosi wa suti yake iliyombana. "Ila leo koti nimelivaa. Sina cha kuweka."

Nilitamani nisiwe pale. Niligeuka nikajifanya nakunja shela. Nilipogeuka tena, Flavia alikuwa amekaa. Alikaa kitako, mgongo umeegemea, kama anavyokaa mtu aliyefika nyumbani kutoka shambani. Mikono tu ndiyo haikujua pa kwenda. Aliiweka magotini, akaikunja, akaishusha pembeni.

"Iache, mama, popote," alisema Isack, na hilo ndilo neno pekee alilosema. Sirili akauchukua mmoja akauweka juu ya paja lake, akaufunika na wake.

Isack akaanza kupiga. Hakuwaambia wacheke wala wasogeleane. Alipiga, akasogea, akapiga, akasimama muda mrefu bila kupiga. Kutoka uani tulisikia mkaa ukimwagwa, na sauti ya Priska ikitoa amri, na safari hii Flavia hakugeuka. Au niseme aligeuka kidogo, kisha akarudi.

Chakula kikatoka. Ukumbi ulipiga makofi kama vile harusi imeanza upya. Flavia alirudi meza kuu, masizi yake mkononi, akaletewa sahani yake ikiwa bado inatoa mvuke. Alikula. Nilikuwa namtazama, kwa sababu punje za pilau zilikuwa ngumu kidogo katikati, mimi mwenyewe nilizisikia menoni. Alikula yote. Baadaye Priska aliingia amefunga kanga safi, akapita nyuma ya viti mpaka kwetu.

"Wifi, chumvi je?"

"Ipo," alisema Flavia. Akamshika mkono akamvuta karibu. "Isack, njoo. Huyu ndiye aliyenipikia. Tupige."

Priska alikataa, akasema hajapaka hata mafuta, lakini alisimama. Flavia alibaki ameketi.

Nisije nikawadanganya kwamba baada ya hapo alitulia. Alipomaliza kula alitaka kujua kama wapiga muziki wamekula, kama madereva wamekula, kama mbege imewafikia wazee wa meza za nyuma. Alimtuma Doris mara nyingi mpaka Doris akavua viatu. Zawadi zilipokuwa zinaletwa aliondoka mara moja, nikamkuta kwenye korido anamwelekeza mhudumu namna ya kubeba sinia. Isack alikuwa anacheka peke yake nyuma ya kamera. Alizoea mwendo wake sasa; hakumkimbiza tena, alikuwa anakaa mahali anapojua atapita.

Picha alizileta Kibosho mwenyewe mwezi wa pili. Tulikusanyika sebuleni: Flavia, Sirili, Doris aliyekuja kwa ajili hiyo, Priska na mimi. Albamu ilikuwa nzito. Tuliipitisha mapajani, na kadiri tulivyofunua tukaanza kucheka, kwa sababu karibu kila ukurasa wa ukumbini bibi harusi alikuwa anatazama pembeni. Watu wanacheza, anatazama pembeni. Wanapokea zawadi, anatazama pembeni. Doris alisema watu wa Arusha watauliza kulikuwa na nini huko.

Picha ya kukaa ilikuwa mwishoni. Ukuta mtupu, viti viwili, jua limewapiga ubavuni. Sirili anatazama kamera kama anayesubiri kuulizwa jina. Flavia anatazama mbele pia, amechoka, mdomo umefungwa bila kukazwa, masizi yanaonekana. Ni mama wa makamo aliyekaa na mume wake.

"Mkono wa kushoto ulitikisika," alisema Isack. "Umetoka na ukungu. Ninazo nyingine ambazo mkono umetulia, lakini macho yako siyo haya. Naweza kuurekebisha kwenye kompyuta. Na hiyo alama nyeusi pia naweza kuitoa."

"Itoe," alisema Doris. "Kaka Isack, itoe, gauni lilikuwa zuri."

Flavia aliisogeza albamu karibu na dirisha. Alibaki nayo hapo kitambo, amesimama, kisha akavuta kigoda akakaa.

"Masizi yatoe," alisema. "Mkono uache."

Isack akafanya hivyo. Aliandaa kubwa ya kutundika, Sirili akaitafutia fremu, na kwa kuwa ukuta ulikuwa umejaa aliondoa picha ya harusi ya binamu yake kuipatia nafasi. Binamu mpaka leo analalamika.

Juma lile lile alikuja mtu wa Uru, mzee Antoni, anayemwoza binti yake baada ya Pasaka. Alikuta tunachambua kahawa uani. Alisalimia, akazunguka maneno kama ilivyo desturi, akafika alipotaka: walikuwa wanamwomba Mama Doris awapikie.

Nilimtazama Flavia. Kusema kweli sikujua atajibu nini, na nadhani hata yeye hakujua. Alichambua punje kadhaa zaidi, akazitupa mbovu.

"Kuna Priska," alisema. "Alipika yangu."

"Tumesikia. Tunawataka wote wawili, kama inawezekana."

Flavia alisimama, akaingia ndani. Tulimsikia anaongea na Sirili, sauti ya chini, kisha Sirili anacheka kidogo. Akatoka akiwa anafunga kilemba.

"Nitakuja," alimwambia mzee. "Priska ndiye mkuu, mimi namsaidia mpaka chakula kitoke. Kikishatoka naingia ndani kula na mume wangu. Kwa hiyo mtuletee kadi."

"Kadi italetwa, mama. Iandikweje?"

"Bwana na Bibi Sirili," alisema, kisha mzee alipoaga akamwita arudi, akamuuliza wageni watakuwa wangapi na kama huko kwao maji yanapatikana karibu.